Unga wa Mbegu za Papai

Mutuka, Babati,
Mkoa wa Manyara.
14 Agosti, 2004.

Mpendwa Dada Edda,

Shikamoo dada. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema, wewe na shemeji, pamoja na mwanangu Damasi, ambaye kwa habari ninazozipata amekwisha kujua kukimbia na hakuna sufuria ya hapo Itigi iliyosalimika. Sisi hapa Mutuka tupo. Baba ni mzima, Mama naye mzima ila kiuno chake ni kile kile. Mahindi tumeingiza ndani, maharage yametuangusha. Mimi mwilini sina neno, ila kichwani, dada, mna fujo ambayo sijui niieleze vipi. Nimeanza kuandika na kuchana, kuandika na kuchana, kwa sababu kila nikishika kalamu najikuta nimeandika mwisho kabla ya mwanzo. Kwa hiyo nivumilie nikusimulie kama mambo yalivyofuatana, na wewe usiruke kwenda chini ya karatasi. Nakujua.

Kwanza kuna jambo la Bibi ambalo tulikubaliana nyumbani tusikuandikie, tusije tukakutia hofu bure ukiwa mbali na una mtoto mdogo. Masika yalipokuwa yanaisha, Bibi aliketi jikoni kuota moto, akasinzia mguu ukiwa karibu na mafiga. Uliungua na hakusikia. Mama ndiye aliyesikia harufu akaja mbio, akamkuta Bibi bado amelala kama mtu aliyeko kanisani wakati wa mahubiri. Tulicheka siku ile, Mungu atusamehe. Tulisema ni uzee, na Bibi mwenyewe akasema ngozi yake imekuwa ngumu kama ya kiboko wa Ziwa Babati. Akachukua unga wake wa mbegu za papai, akajipaka, tukaendelea na kazi.

Kidonda hakikupona. Baba alipomwambia waende hospitali, Bibi alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Na kweli, dada, nani wa kumpeleka Bibi Bernadina hospitali kwa ajili ya kidonda? Nusu ya Mutuka na watu wengi wa Bagara wamepitia kwenye kibaraza chetu na miguu iliyokatwa na jembe, wakarudi kwao na kijikaratasi cha unga mweusi na wakapona. Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukimtwangia.

Hapo ndipo nilipoingia mimi na masomo yangu. Nilikuandikia kwamba chuo kimetutaka kila mmoja afanye utafiti wake wa kumalizia, na kwamba nimechagua kupima kama mbegu za papai zinaua bakteria wa vidonda. Bibi alifurahi mno. Unajua tangu tuwe mkoa, yeye anaamini kila kitu kinapitia mkoani, hata mvua. Akaniuliza kama majibu yangu yatapelekwa mkoani, nikasema labda. Kesho yake kibarazani alikuwa anawaambia watu kwamba dawa yake inapimwa na mkoa. Kisha akamwambia Baba waache kugombana, wasubiri vipimo vya Evangelina. Mbegu zikionekana zina nguvu, yeye haendi popote. Zikionekana hazina, atapanda gari bila kushikwa mkono. Baba akakubali. Kwa hiyo mguu wa Bibi ukawekwa mikononi mwangu, na mimi nikaona ni heshima.

Nikueleze kidogo tunavyofanya, maana ukinielewa hapa utaelewa na mengine. Pale mjini, upande wa Maisaka, kuna zahanati yenye maabara ndogo, na mtaalamu wake, kaka mmoja anaitwa Modesti, amenikubalia nitumie meza yake jioni akimaliza wagonjwa. Tuna visahani vyenye mfuniko, ndani tunamimina uji wa mwani ambao ukipoa unaganda. Juu yake tunapaka bakteria waliotoka kwenye usaha wa kidonda. Halafu tunakata vikaratasi vya mviringo, vidogo kama vifungo vya shati, tunavichovya kwenye dawa tunayoipima, vikikauka tunavipanga pale juu na kufungia kisahani kwenye kabati la joto. Asubuhi bakteria wamemea kote kama ukungu kwenye ugali uliolala. Lakini kama dawa ina nguvu, kuzunguka kikaratasi unaona duara safi ambalo hakuna kilichothubutu kumea. Duara likiwa pana, dawa ni kali. Ndiyo hivyo tu.

Mara ya kwanza nilichukua unga kutoka lile kopo la maziwa lililoko juu kabisa kwenye rafu ya Bibi, uliobaki tangu kabla hujaolewa. Ulikuwa umeingia umanjano kidogo, nikadhani ni kukaa sana. Nikauloweka kwenye spiriti, nikauchuja, nikafanya kama nilivyokueleza. Asubuhi nilipofungua kabati, dada, nilipiga kelele mpaka mgonjwa mmoja aliyekuwa kwenye foleni akainuka na kuondoka. Duara lilikuwa pana kuliko la dawa ya hospitali tuliyoiweka pembeni ili kulinganisha. Modesti alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Sikungoja hata kunawa vizuri. Nilikuja nyumbani karibu nikimbie njia nzima, nikamwambia Bibi mbele ya Baba na Mama kwamba mbegu zake zinaua.

Baba alinyanyua mikono akasema yeye amemaliza. Mama alipiga vigelegele. Bibi yeye aliniuliza nimechukua unga wa kopo gani. Nikamwambia lile la juu, la zamani. Akasema sawa, akageukia ukutani akajifunika. Nilidhani amechoka.

Modesti hakuniachia. Alisema jibu la mara moja si jibu, nirudie kwa unga mpya. Nikatwanga mbegu mpya kwa mkono wangu, nikakausha, nikasaga, nikafanya vile vile. Asubuhi nilikuta duara jembamba kama uzi, ambalo lazima uinamishe kisahani kwenye mwanga ndipo ulione. Nikasema nimekosea. Nikarudia, uzi tena. Modesti akasema pengine mara ya kwanza kilichoua ni spiriti, tukapima spiriti peke yake, haikuua kitu. Nikasema labda mbegu za sasa hazikukaushwa juani vya kutosha. Nikazianika juu ya bati mpaka kuku wa jirani wakazila nusu. Bado uzi. Nikaanza kuishuku mipapai yenyewe, kwamba labda ule wa nyuma ya choo umezeeka, nikaenda kuomba mapapai hadi Bagara. Uzi. Unga ni ule ule, mbegu ni zile zile, bibi ni yule yule, lakini kopo moja linaua na jingine linachezea. Nilikuwa nalala na visahani, naamka na visahani. Mama akaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni.

Na wakati huo wote mguu unaharibika. Mimi ndiye niliyekuwa nauosha. Kidole kidogo kilianza kuwa cheusi, halafu cha jirani yake. Harufu ilikuwa inatupokea mlangoni. Nilimwomba Bibi twende hospitali, akanijibu kwa upole kwamba si ni mimi niliyesema mbegu zinaua? Dada, sijawahi kuogopa maneno yangu mwenyewe kama siku ile. Nilimwambia vipimo vya pili vimekuja tofauti, akaniambia basi nimalize kwanza, nijue moja, ndipo nije kumsumbua.

Ndipo nikakuandikia ile barua fupi nikikuuliza mlikuwa mnautengenezaje unga, hatua kwa hatua. Nilijua utanicheka kwamba nimesoma mpaka chuo na nimeshindwa kusaga mbegu. Hukuandika jibu. Ulimtuma Konstantini kwa mdomo, alipopita na lori lake la vitunguu, aniambie nisisahau rangi mbili. Nilimuuliza kama umesema jambo jingine lolote, akasema hapana, ila uliyarudia maneno hayo hayo akiwa ameshawasha gari, na hukuwa unacheka. Yeye mwenyewe alidhani tunapaka nyumba, akaniuliza tumechagua rangi gani.

Sasa nicheke au nilie? Neno hilo ningelisikia dukani ningelielewa hata kama nimelala. Lakini kichwani kwangu mlikuwa na mapapai matupu. Nikakaa nikafikiri: rangi mbili, rangi mbili. Papai lililoiva lina mbegu nyeusi, papai bichi lina mbegu nyeupe. Basi! Nikaona siri yote imefunguka, kwamba wewe na Bibi mlikuwa mnachanganya mbegu nyeusi na nyeupe. Nilizunguka sokoni nikitafuta mapapai mabichi kabisa, nikiyapasua hapo hapo kuangalia mbegu, mpaka yule mama wa matunda akaniinamia sikioni akaniuliza kama Baba anajua, na mimba ina miezi mingapi. Nilisaga nyeusi na nyeupe. Nikapima nyeusi peke yake, nyeupe peke yake, na zote pamoja. Uzi, dada. Uzi, uzi, uzi.

Wiki hii nilikwenda kwa Luqmani, yule mwenye duka la dawa karibu na stendi, kununua bandeji na spiriti ya kumsafishia Bibi. Akaniuliza habari zako, akakuita Mama Damasi kwa heshima zote. Halafu akasema kwa mzaha kwamba tangu ulipoolewa biashara yake ya rangi mbili imelala, maana hakuna mtu Babati aliyekuwa akizinunua kama wewe. Alikuwa akijiuliza nyumbani kwetu tuna vidonda vingapi. Huku anazungumza, amefungua kopo na kumimina kapsuli chache kiganjani anionyeshe zilivyobaki: upande mmoja nyekundu, upande mwingine njano.

Bandeji zilinidondoka. Luqmani alidhani naumwa, akanivutia kiti.

Nilizichukua zile kapsuli mpaka kwa Modesti. Nikafungua moja moja, nikamwaga ule unga wake wa njano kwenye unga mpya wa mbegu, nikachanganya. Ukawa na rangi ile ile ya kopo la juu. Asubuhi duara lilikuwa lile lile, pana, safi. Modesti alicheka mpaka akakaa chini. Alisema nimetumia vifaa vyake vyote kuthibitisha kwamba dawa ya dukani ni dawa. Halafu akaniona uso, akaanza kufunika visahani.

Nitakuambia kweli, dada. Kutoka pale zahanati mpaka nyumbani nilikuchukia. Nilikuwa nasema peke yangu barabarani. Nilijiambia wewe umemdanganya Bibi miaka yote, umewadanganya watu, na sasa mguu unaoza kwa sababu Bibi anaamini nguvu ambayo ilikuwa inatoka kwa Luqmani. Nilipofika kwenye mpapai wa nyuma ya choo nikaketi, hasira ikaniishia, nikabaki sijui kitu. Kwa sababu watu walipona, Edda. Yule mzee aliyejikata na shoka alipona, watoto walioungua uji walipona. Nani aliyewaponya? Nikuandike wewe kwenye utafiti wangu, au Luqmani, au Bibi? Mpaka leo sijui.

Niliamua nisikutaje. Nilipanga nimwambie Bibi tu kwamba mbegu hazitoshi, basi, twende hospitali. Niliingia chumbani kwake, Mama akiwa ametoka kuchota maji. Nikaketi kitandani, nikamweleza kwamba nimerudia na kurudia, na mbegu peke yake zinatoa duara jembamba kama uzi tu. Nikangoja alie au anifukuze.

Bibi akaniuliza kama nilikuwa nimeweka rangi mbili au sikuweka.

Akasema nisijikaze, yeye anajua. Alikuona tangu siku ya kwanza, wakati wa mtoto wa Mektilda aliyemwagikiwa na uji. Ule unga wa Bibi ulikuwa umeshindwa, na Mektilda alikuwa anakuja kila asubuhi analia kibarazani, na wewe ukashindwa kuvumilia. Bibi alikuwa anatoka bandani, akakuona dirishani unavunja kapsuli na kumimina kwenye kinu huku unatazama mlangoni kama mwizi wa sukari. Mtoto akapona. Mektilda akaleta jogoo. Bibi akasema jogoo yule alimla bila kusema neno, kwa sababu mtoto alikuwa amepona, na kwa sababu siku ile ulitembea humu ndani na uso wa furaha ambao hakutaka kuuzima. Baadaye, akasema, shukrani za watu zikawa tamu, na kunyamaza kukazoeleka.

Ulipoolewa, watu wakaanza kupungua kibarazani. Vidonda vikawa vinachelewa. Akashuku, lakini hakuwa na hakika. Je, ni kapsuli zilizokuwa zinaponya siku zote, hata kabla hajakuona dirishani, au ni mbegu, na sasa ni mkono wake tu uliozeeka? Hakutaka kujaribu kwenye mguu wa mtoto wa mtu. Ndipo mguu wake mwenyewe ukaungua. Akaona hapo sasa hakuna atakayeumia zaidi yake. Akaamua kupaka mbegu tupu, bila chochote, ajue kabla hajafa kama alikuwa mganga au la. Nilipokuja mbio na lile duara la kwanza, aliuliza kopo kwa sababu hiyo. Alipojua ni la juu, akajua visahani vyangu vimejibu swali la dukani, na jibu lake yeye limebaki mguuni. Akaniambia kwamba mimi nina visahani vyangu na yeye ana mguu wake.

Nililia, dada. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia tu, ningepima mbegu mpya siku ile ile na mambo yangeisha. Akasema angeniambiaje bila kukutaja wewe? Alikuwa anakusitiri. Na wewe ulikuwa unamsitiri yeye. Na mimi katikati nasaga mbegu nyeupe.

Kisha akaniuliza huo uzi ni mwembamba kiasi gani. Nikamwonyesha kwenye ukucha. Akautazama ukucha wangu, akasema basi kidogo kilikuwepo, akaniambia nimwite Baba atafute gari.

Sasa yuko hospitali tangu juzi. Wamempima, kumbe ana kisukari, pengine cha muda mrefu, ndiyo maana hakusikia moto. Daktari ametuita pembeni akasema mguu hauokoki. Wanataka kuukata chini ya goti, na kila siku tunayochelewa ni hatari, kwa sababu weusi unapanda, na ukipita hapo watakata juu ya goti, au hawatakuwa na cha kukata. Baba alikubali akiwa amesimama, halafu akatoka nje, nikamkuta ameshika ukuta.

Bibi ameambiwa, hakulia. Lakini amekataa kuweka dole gumba kwenye karatasi yao mpaka wewe ufike. Daktari amemsihi, padri amemsihi. Baba akamuuliza kwa nini iwe Edda, wakati watoto wake wa kuwazaa wapo hapa hapa wamemzunguka. Bibi akasema sisi wote tulikuwa tunaamini kwamba yeye hawezi kushindwa, na watu wa namna hiyo hawamfai sasa. Akasema Edda ndiye peke yake aliyewahi kumwogopea, na leo yeye mwenyewe anaogopa, anataka kushikwa na mtu anayejua.

Konstantini ndiye aliyekuletea barua hii. Analala hapo Itigi na anarudi Babati alfajiri, nimemwomba asiondoke bila wewe. Njoo na Damasi mgongoni, shemeji atatuelewa. Usikae kutafuta maneno ya kumwambia Bibi, hajakuitia maneno. Mimi nawe tutagombana baadaye, nina mengi, ila nitakupokea kwanza.

Baba na Mama wanakusalimu sana. Mwambie shemeji nampa shikamoo zake zote, na umbusu Damasi kwenye paji la uso. Mungu awasafirishe salama.

Ni mimi mdogo wako,
Evangelina